Nyumba Njema si Mlango: Tuzo ya Usanifu ya Aga Khan na Kipimo cha Nyumba Bora, 1980–2025

Wahenga wa pwani walisema, "Nyumba njema si mlango," na wengine huimalizia methali hiyo kwa kusema, "fungua uingie ndani." Ni ajabu kidogo kwamba usemi huu umeenea kwa watu ambao milango yao ya kuchongwa imesifiwa na wageni kuliko karibu kila kitu kingine walichokijenga. Lakini ajabu hiyo ndiyo maana yenyewe. Aliyezoea kuuona mlango wa msaji wenye nakshi ndiye ajuaye vema kwamba mlango haumlazi mtu, wala haumkingi mvua, wala haumsitiri mgonjwa. Mlango hueleza habari za mwenye mali. Ndani hueleza habari za wakaao.

Methali hii inabeba swali ambalo, katika nusu ya pili ya karne ya 20, liliwakabili watu wa nchi nyingi waliopewa kazi ya kuchagua nyumba zilizo bora na kuzitunuku. Kipimo cha nyumba bora ni nini? Je, ni sura yake, au ustadi wa mafundi wake, au hali ya wale waishio humo? Kiswahili kina maneno matatu yanayosaidia kulipambanua jambo hili. Jengo ni kilichojengwa, hata kama hakina mtu. Nyumba ni jengo pamoja na jamaa yake. Ndiyo sababu mtu husema "watu wa nyumbani" akiwa na maana ya mke na watoto, si ya kuta. Makazi yatokana na kukaa, na hutaja hali nzima ya kuishi mahali: njia, maji, majirani na usalama. Historia ya tuzo za nyumba ni historia ya kutangatanga baina ya maneno haya matatu.

Tuzo zenyewe si za zamani sana. Ile ya Pritzker, iliyoanza kutolewa mwaka wa 1979, hupewa msanifu kwa ajili ya kazi za maisha yake. Ile ya Stirling, iliyoanzishwa Uingereza mwaka wa 1996, hupewa jengo moja kila itolewapo. Tuzo ya Usanifu ya Aga Khan, iliyoanzishwa mwaka wa 1977 na Karim Aga Khan wa Nne (1936–2025), ambaye sehemu ya utoto wake aliipitisha Nairobi, ilifuata njia nyingine. Iliamuliwa itolewe kila baada ya miaka mitatu kwa kazi zinazohusu maisha ya jamii za Waislamu, na fungu la kwanza likawa dola 500,000, ambalo baadaye lilifikishwa dola 1,000,000. Kwa desturi yake, kazi haiwezi kuteuliwa kabla haijatumiwa kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Kazi zilizochujwa hutembelewa na wakaguzi wanaokwenda kuziona kwa macho yao na kuzungumza na wenyeji, ndipo waamuzi wakae kukata shauri. Tena fedha hazimwendei msanifu peke yake. Mwashi, seremala, mwenye nyumba na hata serikali ya mji huweza kugawiwa sehemu yake. Kwa kanuni hizi waanzilishi walikuwa wamekwisha kukiri, pengine bila ya kuijua methali, kwamba nyumba haiamuliwi kutoka mlangoni.

Hata hivyo kanuni njema haiondoi mashaka ya hukumu. Hayo yalionekana tangu mwanzo. Tuzo za kwanza zilitolewa mwezi wa Oktoba 1980 katika bustani za Shalimar mjini Lahore, nchini Pakistani. Kazi 15 zilitunukiwa, na miongoni mwazo zilikuwamo mbili zisizofanana hata kidogo. Moja ilikuwa nyumba ya Halawa huko Agamy, kwenye ufuko wa bahari ya Mediterania karibu na Iskandaria. Msanifu wake alikuwa Mmisri Abdel Wahed El-Wakil, na mwashi wake mkuu aliyetajwa pamoja naye katika tuzo ni Aladdin Mustafa. Ilikuwa nyumba ya mapumziko ya kiangazi, ya mawe, yenye ua wa ndani, kuba, mabaraza ya kuketi na mnara wa kukamata upepo. Uzuri wake haukuwa na ubishi, wala ustadi wa waashi wake. Lakini ilikuwa nyumba ya jamaa mmoja mwenye uwezo, na ya kukaliwa kwa majira.

Ya pili ilikuwa mpango wa kutengeneza mitaa ya wanyonge mjini Jakarta, nchini Indonesia, ulioanza mwaka wa 1969. Mitaa hiyo, iitwayo kampung, ilikuwa imejaa nyumba zilizojengwa na wenyewe bila ya njia za kupita wala mifereji. Badala ya kuibomoa na kuwahamisha watu, wakuu wa mji walitengeneza vijia, mitaro ya maji ya mvua, mabomba ya maji safi na vyoo. Nyumba zenyewe ziliachwa mikononi mwa wenyewe. Kwa hiyo tuzo ya usanifu ilipewa kazi ambayo haikusimamisha nyumba hata moja. Waamuzi walikuwa wametunuku makazi, si majengo. Na walifanya hivyo katika hafla ile ile waliyolitunuku jengo zuri la ufukweni.

Katika mwaka huo huo Mmisri mwingine, Hassan Fathy (1900–1989), alipewa heshima ya pekee ya mwenyekiti wa tuzo kwa kazi za umri wake. El-Wakil alikuwa mwanafunzi wa fikra zake. Habari za Fathy zafaa kukumbukwa, maana ndizo zinazoonyesha ugumu wa jambo. Mwaka wa 1945 alipewa kazi ya kujenga kijiji cha Gourna mpya, ng'ambo ya Luxor, kwa ajili ya watu wapatao 7,000 waliokuwa wakiishi juu ya makaburi ya kale. Serikali ilitaka kuwahamisha kwa sababu ya wizi wa vitu vya makaburini. Vita vilikuwa vimeifanya mbao kuwa adimu na ghali. Fathy akawaita waashi wa Kinubi kutoka Aswan, waliojua kuezeka kwa matofali ya udongo mbichi, wakipinda dari na kuinua kuba bila ya kuegemeza juu ya mbao. Alijenga msikiti, soko, shule, ukumbi wa maonyesho na nyumba zenye nyua. Wataalamu wa dunia nzima walikuja kuustaajabia udongo ule. Lakini wengi wa watu wa Gourna hawakutaka kuhama, kwa kuwa riziki yao ilikuwa pale pale makaburini, na kazi ikasimama kabla ya kijiji kukamilika. Fathy mwenyewe alieleza mkasa huo katika kitabu alichokitoa Cairo mwaka wa 1969, kilichochapishwa tena Chicago mwaka wa 1973 na kumpatia sifa iliyovuka mipaka ya nchi yake.

Basi mwaka wa 1980 ulikuwa na mambo matatu kwa pamoja: mwalimu aliyejenga kwa ajili ya maskini na maskini wakakataa kuingia, mwanafunzi aliyeuchukua ujuzi ule ule akamjengea mwenye nacho, na nyumba ikakaliwa, na mji uliowaacha maskini mahali pao ukawatengenezea njia na maji. Waamuzi waliwaheshimu wote watatu. Huenda ikasemwa kwamba walikwepa kuchagua. Lakini huenda pia ikasemwa kwamba waliona ukweli mmoja usioweza kutajwa kwa jina moja: ujuzi wa mikono hupotea usipopata wa kuulipia, na ujuzi usiowafikia wengi hubaki kuwa pambo.

Tangu hapo uwili huu ulirudi mara kwa mara, hata ukawa kama desturi. Mwaka wa 1989 ilitunukiwa nyumba ya kiangazi ya jamaa ya Gürel karibu na Çanakkale, Uturuki, iliyo ya vijumba vidogo vilivyotawanywa chini ya miti. Na pamoja nayo mpango wa nyumba wa benki ya Grameen ya Bangladesh. Mwaka wa 1998 ilitunukiwa nyumba ya Salinger huko Bangi, Malaysia, iliyosimamishwa juu ya nguzo kwa miti ya chengal chini ya mkono wa seremala bingwa Ibrahim Adam. Na pamoja nayo mpango wa mitaro na njia za mitaa ya wanyonge mjini Indore, Uhindi. Mwaka wa 2004 ilitunukiwa nyumba ya B2 ya Han Tümertekin, ya mapumziko ya mwisho wa juma katika kijiji cha Uturuki. Na pamoja nayo vibanda vya mifuko ya mchanga vya Nader Khalili, vilivyopangwa duara juu ya duara huku seng'enge ikiishika mifuko isiteleze, na kujaribiwa mwaka wa 1995 kwa ajili ya wakimbizi wa Iraki waliokuwa Irani. Nyumba ya mmoja na kinga ya wengi zilikwenda sambamba, kama mizani yenye vitanga viwili.

Ubishi mkubwa wa aina nyingine ulizuka mwaka wa 1983, ilipotunukiwa nyumba ya Nail Çakırhan (1910–2008) katika kijiji cha Akyaka, Uturuki. Çakırhan hakuwa msanifu. Alikuwa mshairi na mwandishi wa magazeti, ambaye hakupata kusomea ujenzi katika chuo chochote. Alijijengea nyumba ya mbao kwa mfano wa nyumba za kwao Ula, akisaidiwa na maseremala wa huko. Wasanifu kadhaa wa Uturuki walichukizwa: itakuwaje tuzo ya usanifu impate asiyekuwa msanifu, kwa kuiga nyumba za zamani? Swali hilo halikuwa la wivu mtupu. Kama kuiga kunatosha, elimu ya usanifu ni ya nini? Lakini upande wa pili ulikuwa na hoja yake pia. Majirani walianza kujenga kwa mtindo ule ule, na maseremala waliokuwa wakikosa kazi wakaipata tena. Pengine lugha inatoa mfano ufaao: asemaye lugha ya mama yake kwa ufasaha haigi, ijapokuwa kila neno alitumialo lilitumiwa na wengine kabla yake.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, mwaka wa 1988 una umuhimu wake. Mwezi wa Oktoba mwaka huo, kuanzia tarehe 12 hadi 15, tuzo hii ilifanya mkutano wa wataalamu mjini Unguja juu ya usanifu wa nyumba za kuishi. Mahali hapo palikuwa na mafundisho kuliko hotuba. Upande mmoja ulikuwapo Mji Mkongwe, wenye nyumba za mawe za matajiri wa karne ya 19, ambazo nyingi wakati huo zilikuwa zikivuja na kuanguka. Mamlaka ya kuuhifadhi mji huo ilikuwa imeundwa mwaka wa 1985 tu. Upande wa pili ilikuwapo Ng'ambo, mji wa nyumba za fito na udongo, na katikati yake majumba marefu ya ghorofa ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki ili kuwapa watu wa kawaida nyumba za kisasa. Jumba la tajiri lililokuwa zuri likakosa wa kulitunza. Nyumba ya fito iliyomfaa maskini ikakosa wa kuisifu. Na ghorofa zilizokusudiwa haki zikakosa ua. Mizani ya Lahore ilikuwa imewekwa barabarani, wazi, kila mtu aione.

Jambo la ua si dogo. Yeyote aliyeingia katika nyumba ya mawe ya Lamu ya karne ya 18 anaujua mpango wake. Nje ni ukuta mkavu na daka lenye mabaraza. Mtu akipita tekani huingia kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, na kando yake hupandishwa mgeni sabuleni asiwasumbue wa ndani. Baada ya kiwanda hufuata msana wa tini na msana wa yuu, kisha ndani yenye zidaka za chokaa, kisha nyumba kati, mahali pa uzazi na pa kuoshea maiti. Kila hatua ni giza zaidi, sitara zaidi na pambo zaidi. Upana wa vyumba ulipimwa na urefu wa boriti za mikoko, hauzidi sana mita 2.5 au 3. Kwa hiyo nyumba ilikua kwa kwenda nyuma na juu, haikutanuka ubavuni. Nyumba hii haikupata tuzo, lakini ni tafsiri ya methali kwa mawe: uzuri wake wote umewekwa mahali ambapo mpita njia hawezi kuuona. Na maneno yake yamebaki katika lahaja kama ramani ya adabu, yakionyesha nani aishie wapi, na nani asipite wapi.

Si ajabu basi kwamba ua uliwavuta waamuzi tangu mwanzo. Miongoni mwa kazi zile 15 za mwaka wa 1980 zilikuwamo nyumba za Agadir, Moroko, za Jean-François Zevaco, zilizojengwa baada ya tetemeko la ardhi la tarehe 29 Februari 1960 lililoubomoa mji huo na kuua maelfu ya watu. Zevaco alikuwa msanifu wa kisasa kabisa, mwenye kupenda mistari iliyonyooka na kuta zisizo na pambo. Hata hivyo aliyapanga makazi ya watu wa kipato cha wastani kuzunguka nyua ndogo zilizositirika. Hapo pana jibu kwa wale walioogopa kuiga: kilichochukuliwa kwa wazee si umbo la dirisha bali ni shauri lao juu ya namna jamaa anavyotaka kuishi.

Kati ya hukumu zote, ile ya mwaka wa 1989 juu ya Grameen ndiyo iliyoyafikisha mambo mbali zaidi. Benki hiyo, iliyoasisiwa na Muhammad Yunus, ilianza mwaka wa 1984 kuwakopesha watu wa vijijini wasio na mali, wengi wao wanawake, kiasi cha dola 300 hivi ili wajenge. Mkopaji alipata nguzo nne za saruji na chuma, kibao cha choo na mabati ya kuezekea. Kuta alizikamilisha mwenyewe kwa mianzi, mabua au udongo, kwa namna ya mahali pake. Nguzo zilikuwa kinga ya mafuriko: maji yakichukua kuta, paa husimama na nyumba hujengwa tena. Lakini nguzo imara kuliko zote ilikuwa karatasi. Benki ilitaka ardhi iandikwe kwa jina la mkopaji. Kwa hiyo mume aliyetaka nyumba alilazimika kumwandikia mkewe kiwanja, na mke hakuweza tena kufukuzwa nyumbani kwa neno moja. Mtu anayeangalia picha za nyumba hizo hataona jambo hilo. Ni vibanda vya kawaida. Uzuri wao umo katika daftari la ardhi.

Mwaka wa 1995 mtaa wa Aranya huko Indore, uliopangwa na Balkrishna Doshi kwa ajili ya watu wapatao 60,000, ulituzwa kwa fikra iliyo jirani na hiyo. Aliye maskini kabisa alipewa kiwanja, msingi, choo na mahali pa jiko. Vyumba aliviongeza kadiri ya riziki yake. Nyumba za mfano 80 zilijengwa ili kuonyesha yawezekanayo, si kuamrisha yatakiwayo. Mwaka wa 2018 Doshi alikuwa Mhindi wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker.

Hata hivyo historia hii ina onyo, nalo latoka mji huo huo wa Indore. Mpango wa mitaro uliotunukiwa mwaka wa 1998 ulisifiwa kwa kuunganisha mitaa ya wanyonge na mfumo wa maji machafu wa mji mzima. Miaka minne baadaye, mwaka wa 2002, mtaalamu wa mipango miji Gita Dewan Verma aliupinga katika kitabu, akisema kwamba kilichosifiwa mbele ya waamuzi sicho kilichokuwa kikifanya kazi mitaani. Kama mtaro umeziba, sifa haiuzibui. Kanuni ya kungoja mwaka mmoja, ijapokuwa ni bora kuliko kutongoja, ni fupi mno kwa kitu ambacho umri wake ni vizazi. Jengo huweza kuhukumiwa siku linapokamilika. Nyumba yahitaji miaka. Makazi hayajulikani mpaka watoto waliozaliwa humo wamekua na kuamua kubaki au kuondoka.

Mwaka wa 2025 tuzo ilipewa Khudi Bari ya Bangladesh, jina ambalo kwa Kibengali maana yake ni nyumba ndogo. Marina Tabassum aliibuni kwa ajili ya watu wakaao kwenye visiwa vya mchanga ambavyo mito huvijenga na kuvimeza. Ni ya mianzi na viungo vya chuma, imeinuliwa kutoka chini, na ina dari ya juu ambako jamaa hupanda maji yakija. Mto ukikila kisiwa, nyumba hufunguliwa vipande, hubebwa, na husimamishwa mahali pengine. Tangu Gourna hadi hapo ni miaka 80. Fathy alijenga kijiji kizuri akawaomba watu wakifuate. Tabassum amejenga nyumba inayowafuata watu.

Safari hiyo haimaanishi kwamba nyumba ya Agamy au ya Bangi haikustahili heshima. Aladdin Mustafa na Ibrahim Adam walistahili majina yao yasomwe, na bila ya nyumba zile huenda yasingesomwa. Lakini mfululizo wa hukumu unaonyesha kwamba kila waamuzi walipoingia ndani zaidi, walikutana na mambo ambayo jicho peke yake haliwezi kuyapima: hati ya kiwanja, maji ya bomba, njia ya kupitisha jeneza, dari ya kukimbilia mafuriko. Hayo ndiyo mambo ambayo wajenzi wa Lamu waliyawekea jina moja moja kabla ya kuyawekea nakshi. Mlango mzuri si kosa. Kosa ni kuishia hapo.